Je, wajua kwa nini jina la Kilwa limeandikwa kwenye dhahabu kule Lisbon?

Ukitafuta mtandaoni vitu vya kuona Lisbon, mji mkuu wa Ureno, utaletewa yaleyale kila siku: tramu ya njano namba 28, vichochoro vya Alfama, ngome ya São Jorge kule juu kilimani, mnara wa Belém, na vile vikeki vyao vya kastadi. Sawa, vizuri vyote. Ila kuna kitu kimoja kiko ndani ya kioo kwenye makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ambacho mtu wa pwani yetu akienda Lisbon akarudi bila kukiona mimi namhesabu kama hajafika. Kimeandikwa Kilwa. Ndiyo, Kilwa hiihii ya mkoa wa Lindi, wao wameandika Quiloa.

Kitu chenyewe ni monstransi. Wakatoliki wanaijua, kile chombo cha kung'aa anachoshika padre kwenye maandamano ya Ekaristi, hostia, yaani ule mkate wa Ekaristi, inakaa katikati watu wanapiga magoti. Hii ya Lisbon wanaiita Custódia de Belém, urefu wake sentimita 73, dhahabu na rangi za enameli, na aliyeifua anajulikana kwa jina la Gil Vicente. Ukisogea karibu na kioo utaona mitume 12 wadogo wadogo wamepiga magoti kuzunguka pale hostia inapokaa, kila mmoja na sura yake na nguo yake ya rangi, juu yao njiwa mweupe wa Roho Mtakatifu ananing'inia, chini kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono. Alafu kwenye kitako hichohicho kuna maandishi yanazunguka, maana yake ni kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506. Yaani hawakuficha chochote, wameandika wenyewe dhahabu wameitoa wapi.

Sasa kodi gani hiyo Kilwa iilipe Ureno? Hapo ndipo penye hadithi. Safari ya kwanza, ile ya 1498, Vasco da Gama hakutia nanga Kilwa, aliipita, Mombasa hawakuelewana, Malindi ndiko alikopokelewa na akapata rubani wa kumvusha mpaka India. Aliporudi mara ya pili mwaka 1502 hakuja tena kama mgeni anayeuliza njia, alikuja na msafara wa meli zenye mizinga, akatia nanga Kilwa mwezi wa saba na kumtaka mtawala, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kila mwaka, la sivyo mji unachomwa. Ibrahim akalipa. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu, ukipiga hesabu ya leo ni kama kilo 6 na ushee. Vasco akafika nayo Lisbon 1503, mfalme akaamua iwe chombo cha kanisa.

Na msije mkadhani Kilwa ilikuwa na mgodi nyuma ya nyumba. Dhahabu ilikuwa inachimbwa bara huko nyanda za juu za Zimbabwe, inateremshwa mpaka bandari ya Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji, na Kilwa ndio walioishika biashara ya Sofala kwa muda mrefu. Utajiri wa msikiti mkubwa na lile jumba la Husuni Kubwa ulitoka humohumo kwenye biashara, Ibn Battuta alipita 1331 akausifia sana mji. Kwahiyo Vasco alijua anagonga mlango wa nani.

Kulipa kwenyewe hakukuwasaidia. Mwezi wa saba 1505 akaja Francisco de Almeida na msafara mkubwa zaidi, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, Wareno wakamweka mtu wao Muhammad Ankoni na kujenga ngome. Mwaka 1512 wakaondoka wenyewe. Fikiria basi, wakati sonara kule Lisbon yuko kwenye kupaka rangi vidole vya mitume, huku dhahabu ilikotoka mji wenyewe ushavunjwa.

Swali la pili watu wanauliza, imekaaje miaka yote hiyo bila kuyeyushwa? Kwa sababu dhahabu nyingi ya zamani haikai, ikiisha fedha ya vita inaingia tanuruni. Dom Manuel kwenye wasia wake aliiachia monasteri ya Jerónimos iliyopo Belém, nje kidogo ya mji wa wakati ule, na hiyo ilikuwa bahati, maana tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko likaipiga Lisbon, likafuata wimbi la bahari na moto, ikulu ya kifalme pale mtoni ikapotea kabisa na vilivyokuwemo. Uwanja mkubwa wa Praça do Comércio wanaopigia picha watalii leo ndipo ilipokuwa hiyo ikulu. Jerónimos ikasimama. Alafu miaka ya 1830 serikali ikafunga nyumba za watawa, mali zikachukuliwa, monstransi ikapelekwa mahali zinapopigwa sarafu, na hapo ilikuwa inaelekea kwenye moto kabisa. Aliyeiokoa ni Dom Fernando wa Pili, mume wa malkia, mtu aliyependa sanaa, akaiingiza kwenye mali za kifalme. Makumbusho wanayo tangu 1925.

Ukienda, mimi ningeanza na makumbusho asubuhi, mtaa unaitwa Rua das Janelas Verdes, humo pia kuna mchoro wa Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antoni ambao peke yake unatosha kukuweka nusu saa. Baadae unashuka mpaka barabara ya chini mtoni unapanda tramu namba 15 mpaka Belém. Jumatatu usihangaike, makumbusho na monasteri vyote vinafungwa.

Jerónimos ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa kodi ya asilimia 5 kwenye bidhaa za Afrika na Mashariki, pilipili manga ikiwemo, na ukiangalia mawe yake utaona wamechonga kamba za meli na mimea mpaka hujui jicho uliweke wapi. Ukiingia kanisani tu, chini ya roshani ya kwaya, kuna kaburi la Vasco da Gama lina meli imechongwa ubavuni. Alifia Cochin India mwaka 1524, mifupa ikahamahama, ikaletwa hapa 1880. Nje ng'ambo ya barabara kuna mnara mkubwa wa 1960 wa wavumbuzi, mita 52, sanamu 33 zimejipanga kama ziko kwenye meli, karibu wote Wareno, yule rubani wa Malindi aliyewavusha hawajamuweka. Mnara wa Belém wa mtoni nao nenda kauone, kwa nje panatosha kabisa, foleni ya ndani ni ndefu na ngazi ni nyembamba. Vikeki vinauzwa jirani na monasteri tangu 1837, kula vikiwa vya moto na mdalasini juu.

Kama una siku nyingine panda treni stesheni ya Rossio mpaka Sintra, kama dakika 40, ukaone jumba la Pena lenye rangi nyekundu na njano juu ya mlima. Hilo nalo ni la huyohuyo Dom Fernando aliyeokoa dhahabu ya Kilwa, alinunua magofu ya monasteri mwaka 1838 na watawa waliokuwa wakikaa humo walikuwa wa shirika lilelile la Jerónimos. Tiketi ya jumba inaandikwa saa ya kuingia, na toka getini mpaka mlangoni ni mlima kweli, kwahiyo usijipangie kufika dakika ya mwisho.