Ngozi ya mafuta si ngozi chafu

Baridi ikianza Mbeya, kwenye mwezi wa sita hivi, kliniki yangu inajaa watu wenye uso wa namna moja. Paji linang'aa, pua inang'aa, lakini mashavu yamepauka, yanawasha, na pembeni mwa mdomo ngozi imeanza kuchanika. Nikiuliza uso unaoshwa na nini, jibu nalijua kabla halijatoka: sabuni ya mche, maji ya moto, dodoki, mara tatu au nne kwa siku. Na sababu yake nimeisikia mpaka nimechoka: "Daktari, uso wangu una mafuta sana, nataka yakauke."

Hayakauki. Wala hayajakukosea kitu.

"Uso wa mafuta ni uso mchafu, uoshe mpaka ukatike mafuta"

Hii ndiyo dhana inayoharibu nyuso nyingi kuliko nyingine zote ninazokutana nazo, na inarithishwa. Mama alioshwa hivyo na bibi, sasa anamsugua binti yake hivyo hivyo. Kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mafuta ya usoni hayatoki kwenye vumbi la barabarani. Yanatengenezwa na tezi ndogo zilizoshikamana na vinyweleo. Tezi hizo ni nyingi zaidi usoni, kichwani, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo. Kwenye nyayo na viganja hazipo kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya visigino kupasuka kirahisi. Zinafanya kazi kwa amri ya homoni, hasa zile za kundi la androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Homoni hizo zikipanda wakati wa kubalehe, mtoto aliyekuwa na uso mkavu darasa la tano anafika kidato cha pili uso umelowa mafuta. Urithi nao una sehemu yake: angalia wazazi wako. Halafu kuna joto. Wanafunzi wanaotoka Kyela, kule chini ziwani, huniambia wenyewe kwamba wakiwa likizo nyumbani uso unang'aa zaidi kuliko wakiwa chuoni Mbeya. Wanasema kweli, ngozi ikipata joto mafuta hutoka kwa wingi zaidi.

Sabuni haina njia ya kufika kwenye tezi. Inachoondoa ni mafuta yaliyokwisha kutoka, na baada ya saa chache mengine yameshapanda. Saluni nyingi siku hizi wanasema ukiosha sana tezi zinashtuka na kuanza kumwaga mafuta mara mbili. Hilo nalo silikubali, ushahidi wake ni dhaifu mno. Madhara ya kuosha kupita kiasi yapo, na ni makubwa, ila hayako kwenye tezi.

Yako kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Kati ya seli za tabaka hilo kuna mafuta ya aina nyingine, yasiyotoka kwenye tezi: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotee hewani. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kati ya 4.5 na 5.5 hivi, ilhali sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10. Ikipita usoni haichagui. Inaondoa mafuta ya tezi na inang'oa na haya ya kati ya seli. Ya tezi yanarudi siku hiyohiyo. Haya mengine huchukua muda kujengeka upya, na ukiosha tena jioni unayabomoa kabla hayajakamilika. Matokeo ndiyo yule mgonjwa wa mwezi wa sita: juu uso unang'aa, chini umekauka maji. Naye akiona unawasha na bado unang'aa, anaongeza sabuni.

Sasa yaweke hayo kwenye hali ya hewa yetu. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitulo iko juu zaidi, kiasi kwamba asubuhi za Juni na Julai majani huko huamka na barafu. Hewa baridi haibebi unyevu mwingi. Mvua imekata, upepo wa Iringa na Mafinga unavuma, na ngozi inapoteza maji mchana kutwa. Mwenye ngozi kavu huteseka kweli miezi hiyo. Wewe mwenye ngozi ya mafuta umepewa kinga ambayo hukuinunua: mchanganyiko wa trigliseridi, nta na skwaleni, unaobeba na vitamini E kuipeleka juu ya ngozi. Unailainisha na kuifunika. Halafu saa kumi na mbili asubuhi unachemsha maji, unachukua sabuni ya kufulia, unaikwangua yote, na unatoka kusimama Kabwe kwenye upepo kusubiri bajaji. Hilo linaniuma kila nikiliona.

Faida za mafuta haya si maneno ya kuwafariji watu. Ngozi ya mafuta haipauki ovyo na haiwashi kirahisi baridi ikizidi. Vile vimistari vyembamba vya ukavu chini ya macho huchelewa kuonekana, na waliopima mikunjo ya paji la uso wamekuta kwamba penye tezi nyingi mikunjo huwa na kina kifupi. (Mikunjo ya jua ni habari nyingine.) Tena kwangu mimi kama mtabibu iko faida kubwa kuliko hizo: ngozi ya mafuta huvumilia dawa. Benzoili peroksaidi na adapalini, dawa za chunusi za kupaka zinazomchubua mwenye ngozi kavu ndani ya siku chache, mwenye mafuta hupaka na kuendelea na maisha yake, ilimradi hajajichubua kwanza kwa sabuni. Kwa wanawake mafuta hupungua sana baada ya kukoma hedhi. Akina mama wa miaka 60 wanaokuja kwangu hawalalamikii kung'aa, wanalalamikia kuwashwa usiku kucha.

Unaoshaje basi? Mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na mara ya tatu kama umetoka jasho jingi shambani au mazoezini. Maji vuguvugu. Najua asubuhi ya Julai maji ya moto yana raha yake, lakini yaache yaishie mabegani. Usoni changanya na ya baridi. Tumia sabuni ya maji ya uso isiyokali, au kama mfuko hauruhusu, sabuni laini ya mtoto, kidogo, na isuuzwe vizuri. Osha kwa vidole vyako. Dodoki ni la miguu. Kitambaa cha kusugulia sikitaki, jiwe silitaki, skrabu ya sukari na kahawa siitaki. Mchana ukiona uso unang'aa na unakukera, bandika tishu kavu, ikandamize polepole, itupe. Hiyo tu. Huhitaji kuosha tena.

"Mwenye mafuta hahitaji kupaka kitu"

Anahitaji. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti, na ngozi inaweza kuwa na mafuta mengi huku imekosa maji. Tatizo ni kinachopakwa. Mafuta mazito ya mgando tunayojipaka mwili mzima wakati wa baridi yaache miguuni na mikononi. Mafuta ya nazi usoni, kwa mwenye chunusi, sikushauri, yanaziba matundu. Ya parachichi nayo, ambayo yanauzwa sana huku kwetu kwa kuwa Rungwe na Njombe tumejaaliwa parachichi, ni mazuri kwa visigino na nywele. Uso wenye tezi zinazofanya kazi hivyo hauyahitaji. Kwa uso tafuta losheni nyepesi ya maji au jeli, na ikiwa ina niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ndani yake, vizuri zaidi. Na kama huna uwezo wa hiyo, gliserini ya dukani ni rahisi na inafaa: matone machache yaliyochanganywa na maji, pakaa uso ukiwa bado una unyevu. Usipake gliserini tupu. Ushauri huu nautoa kwa kila mtu na sitaacha kuutoa.

Chunguza na unachopaka kichwani. Chunusi zilizopangana kwenye mstari wa nywele na pajini mara nyingi hutokana na mafuta ya nywele yanayoshuka. Rudisha mafuta nyuma kidogo, badilisha na foronya kila wiki, halafu uone.

"Limao linakata mafuta"

Linakata ngozi. Juisi ya limao ina pH ya 2 hivi, asidi kali kwa uso. Na kibaya zaidi, maji ya limao na ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza: ngozi inakuwa nyekundu, wakati mwingine inatoa malengelenge, halafu inaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Nimeona mabinti wenye michirizi meusi shavuni ilikotiririkia juisi. Dawa ya mswaki, magadi na spiriti navyo viingie kwenye fungu hilohilo. Kama kuna asidi inayoisaidia ngozi ya mafuta, ni ya salisiliki, kwa kipimo cha asilimia 2 au chini ya hapo, iliyotengenezwa kwa ajili ya uso. Hiyo inaingia kwenye tundu lenye mafuta na kulegeza kilichoganda.

"Chunusi zinaisha ukioa", "ni chipsi hizo", "vidoa vyeusi puani ni uchafu"

Ndoa haitibu chunusi, na kijana asiambiwe maneno hayo mbele za watu. Mafuta ya kukaangia chipsi hayapandi kutoka tumboni hadi usoni. Kilichoonekana kuhusiana na chunusi kwa baadhi ya watu ni sukari nyingi na vyakula vinavyopandisha sukari haraka kwenye damu, na maziwa kwa kiasi fulani. Kwa hiyo soda inashukiwa kuliko parachichi. Vidoa vyeusi puani si vumbi: ni mafuta na seli zilizokufa, na weusi wake ni wa melanini, rangi ya asili ya ngozi, na hewa. Kusugua hakuvitoi.

"Huku baridi hakuna jua la kuunguza"

Lipo, na limezidi la Dar es Salaam. Ubaridi wa hewa haupunguzi mionzi. Kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya urujuanimno inavyoongezeka, kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya ngozi nyeupe, lakini chunusi ikipona kwenye ngozi yetu mara nyingi huacha doa, na jua ndilo linalolikoleza doa. Mafuta ya usoni si krimu ya jua, yasikudanganye. Anayeweza anunue krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, ya jeli, isiyo nzito. Bei yake ni kubwa, nalijua hilo. Asiyeweza avae kofia yenye ukingo mpana, wala asiione ni ya wazee wa shambani.

Sasa mkorogo, na hapa nitasema wazi. Watu wengi hawaanzi mkorogo kwa kutaka weupe. Wanaanza kwa sababu uso una mafuta na chunusi, na muuzaji pale sokoni Mwanjelwa amewaambia krimu hii inakausha. Wiki za kwanza inakausha kweli, kwa kuwa ndani yake mna steroidi kali inayozima uvimbe. Baada ya miezi zinarudi chunusi za steroidi, ndogondogo na nyingi, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Mikorogo mingine ina zebaki na haidrokwinoni, ambazo kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini, na zebaki huharibu figo. Kama tayari unatumia, usiache kwa hasira siku moja. Njoo tukushushe taratibu.

Kwa chunusi za kawaida anza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, usiku mmoja paka, usiku mmoja pumzika, mpaka ngozi izoee. Inafifisha rangi ya vitambaa, kwa hiyo tafuta taulo na foronya nyeupe. Adapalini ni nzuri pia, ila mjamzito asiiguse. Na uipe dawa wiki nane hadi kumi na mbili. Wanaoniambia "haifanyi kazi" wengi wao waliipaka siku kumi.

Lipo kundi moja ambalo sitaki lihangaike na krimu kabla ya vipimo. Ni msichana au mwanamke ambaye mafuta yamemwongezeka ghafla ukubwani, ana chunusi kubwa zenye maumivu kwenye kidevu na taya, nywele zinaota kidevuni, na hedhi inapita miezi bila kuja. Wengi huja na mama zao, na mama huongelea uso tu, mpaka niulize hedhi ndipo binti anainamisha kichwa. Hapo huenda homoni zimevurugika, kwa hiyo kuzipima na kufanya ultrasaundi ya ovari kunatangulia sabuni yoyote, na hakuna sababu ya kusubiri mpaka siku atakayotaka mtoto.