Mbao, misitu na maneno ya watu

Mwambie jirani kwamba unajenga kwa mbao, atakupa maonyo mawili hapohapo: unamaliza misitu, halafu mchwa watakumaliza wewe. La pili lina ukweli wake. La kwanza linahitaji kuchambuliwa.

"Kila mbao ni msitu uliopotea"

Paini nyingi tunazopaulia Tanzania zimepandwa kwa ajili ya kukatwa. Sao Hill, Mufindi, ni shamba la miti la serikali lenye zaidi ya hekta 135,000, ingawa si zote zina miti. Mti hupandwa, hupogolewa, huvunwa ukiwa na miaka kama 18 hadi 25, kisha eneo hupandwa upya. Wakulima wa Iringa na Njombe nao wana vishamba vyao vya miti, akiba ya ada za watoto. Soko likifa, wengi watang'oa visiki walime viazi. Msitu wa asili unamalizwa zaidi na mashamba mapya na mkaa.

Ila usinifanye niitetee kila mbao. Mninga na mkongo hutoka kwenye misitu ya asili ya miombo na huchukua miongo mingi kukomaa. Mlango wa mninga usio na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu wala hati ya kusafirishia ni habari nyingine kabisa.

"Nyumba ya zege haigusi miti"

Simama chini ya slabu, ile sakafu ya zege ya juu, iliyomwagwa juzi. Hutaona jengo, utaona mirunda imesongamana na mbao za boksi, zinazoshikilia zege hadi likomae, zimelowa maji ya saruji. Wiki chache baadaye zinang'olewa zikiwa zimejaa misumari, na nyingi huishia jikoni kwa mama ntilie.

Hapo ndipo penye hesabu. Mita moja ya ujazo ya paini kavu ina uzito wa kama kilo 500, na karibu nusu yake ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Ni sawa na kilo 900 hivi za hewa ya ukaa. Ikiwa kenchi, kaboni hiyo inakaa juu ya vichwa vyenu miaka yote paa lisimamapo. Ikiwa kuni, imerudi angani kabla ubwabwa haujaiva. Saruji nayo, kwa makadirio ya kawaida, hutoa kilo 600 hadi 900 za hewa hiyo kwa kila tani inayotengenezwa, yaani kilo 30 hadi 45 kwa kila mfuko wa kilo 50. Sehemu kubwa hutoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa, kwa hiyo hata tanuri likitumia umeme wa jua, hewa hiyo itatoka tu. Msingi bado utahitaji saruji, sikatai. Kuta na sakafu za juu si lazima.

"Mbao inaungua, chuma kiko salama"

Boriti nene hushika moto taratibu: nje inageuka mkaa, kama milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa huo unakinga kiini. Chuma kisichokingwa, joto likifika nyuzi 600 hivi, kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Lakini hiyo ni sifa ya mbao nene. Papi, zile mbao nyembamba za dari zetu, zinawaka kama kiberiti.

"Mbao haidumu"

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa karne ya 19, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ndizo zilizoamua upana. Kinachoziua ni paa linalovuja. (Mikoko ya leo iacheni baharini, ina kazi.)

Bara adui ni mchwa, na dawa yake ni mbao za dawa, zile za kijani. Kuna zilizoshindiliwa dawa kwa mtambo, na kuna zilizopakwa rangi kwa brashi. Mwambie muuzaji akate moja katikati, si kwenye ncha, maana ncha hunywa dawa hata ya kudanganyia. Ukiona kijani ni utando tu na ndani kweupe, rudisha pesa mfukoni.

Na vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa nyingi za kijani zina aseniki, na ukivichoma, sumu hiyo inabaki kwenye moshi na majivu. Vifukie mbali na kisima.