Utumwa wa Rangi Ulitungwa kwa Sheria

Wanafunzi wanaotembelea makumbusho yetu hapa Kisumu hupenda kuuliza: mbona ni Waafrika waliofanywa watumwa Marekani? Wengine huuliza kwa sauti ya aibu. Sisi huwapeleka moja kwa moja kwenye hukumu ya mahakama.

Mwaka 1640, katika koloni la Waingereza la Virginia, vibarua watatu walimtoroka tajiri wao, wakakamatwa. Kila mmoja alichapwa viboko 30. Mholanzi na Mskoti wakaongezewa miaka 4 ya kazi. Wa tatu, Mwafrika aliyeitwa John Punch, akaamriwa kutumika mpaka kufa. Kosa lilikuwa moja.

Mwaka 1662 ikaja sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Kwao Uingereza mtoto alihesabiwa kwa baba, kama tunavyohesabu wengi wetu huku magharibi mwa Kenya, lakini huko koloni desturi iligeuzwa maana ilikuwa na faida: bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali. Mwaka 1667 wakaamua pia kwamba ubatizo haumpi mtumwa uhuru. Mashamba ya tumbaku yalitaka mikono. Maneno ya kumdunisha mtu mweusi yalikomaa baadaye, kuhalalisha yaliyokwisha kutendwa. Kwa jumla, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvuka Atlantiki. Karibu milioni 2 hawakufika ng'ambo.

Kuhusu wapinzani, vitabu vya shule hutanguliza wabunge wa London. Mimi ningetanguliza waliofungwa minyororo. Ottobah Cugoano, aliyetekwa utotoni katika nchi inayoitwa Ghana leo, alichapisha hoja zake mwaka 1787. Olaudah Equiano akafuata mwaka 1789. Watumwa wa Haiti waliasi mwaka 1791, na kufikia 1804 walikuwa na taifa lao. Uingereza ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ikatenga pauni milioni 20 za fidia. Zilikwenda kwa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti, na wengi walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana walewale hadi 1838.

Kwetu yupo William Jones, ambaye hatajwi inavyostahili. Alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa India, kisha akaja Mombasa na kuwa kasisi. Mwaka 1885 alifika pande za Mumias pamoja na Askofu Hannington, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Misheni hiyo ilikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao wa Pwani.

Utumwa wa Pwani haukusimama juu ya rangi kama ule wa Virginia, ingawa dhuluma ni dhuluma. Mabwana walipodai watoro wao mwaka 1888, kampuni ya Waingereza iliwalipa ili watu wapatao 1,400 waandikiwe hati za uhuru. Na serikali ya kikoloni ilipofuta utumwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907, aliyefidiwa alikuwa tena mwenye mtumwa.