Pima uso, usipime ukumbi: picha za roki ndani ya ukumbi mdogo

Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe kwenye ukumbi mdogo, inaona giza tu: kuta nyeusi, pazia, migongo ya watu. Inajaribu kulifidia giza hilo, na uso wa mwimbaji unaungua hadi unabaki doa jeupe. Ndiyo maana naweka kila kitu kwa mkono. Naanza na f/2 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde na ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha naangalia uso peke yake. Ukumbi ukipotea gizani, na upotee.

ISO ikipanda hadi 6400 sijali. Chembechembe zinavumilika, na roki inazibeba vizuri. Uso uliotikisika haurekebishiki. Mpiga gitaa akianza kuruka napandisha kasi ya shata hadi 1/500. Lenzi ndiyo inayokupa uhuru huo: ya 50mm f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu kuliko nyingi, inapitisha mwanga karibu mara 10 ya lenzi ya zumu inayoishia f/5.6.

Kinachonisumbua kweli ni taa nyekundu. LED nyekundu tupu inajaza chaneli moja ya rangi na kuziacha kijani na buluu karibu tupu, kwa hiyo pua, shavu na paji la uso vinakuwa bapa moja lisilo na umbo. Histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya mwangaza wa jumla itakudanganya kwamba mambo ni shwari, maana inaipa kijani uzito mkubwa zaidi. Fungua histogramu ya rangi tatu, utaona nyekundu imegonga ukuta wa kulia. Napunguza mwanga kwa stopu moja (yaani nusu yake) au zaidi na kupiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ikishaungua, jaribu kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe kwa kutumia chaneli ya kijani. Mara nyingi sura bado imo humo, japo ina chembechembe. Lakini dawa bora ni subira. Tazama nyimbo mbili za kwanza ujue fundi wa taa anaweka mwanga mweupe wapi, kwenye kiitikio au kwenye solo, uwe umejipanga kabla haujafika.

Halafu kuna maiki. Ukisimama mbele ya jukwaa, katikati kabisa, utarudi na picha za maiki yenye nywele. Sogea pembeni, na usipige katikati ya neno: mwishoni mwa mstari mwimbaji hurudi nyuma kidogo kuvuta pumzi, mdomo ungali wazi na uso umetoka nyuma ya maiki. Ni nafasi fupi mno, ila inajirudia kila mstari. Kama anaimba huku akipiga gitaa kwa mkono wa kulia, simama upande ambao shingo ya gitaa inaelekea, kwa sababu akitafuta pa kubana nyuzi hugeukia huko.

Flashi iache nyumbani. Inawapofusha wanamuziki, inageuza moshi wa jukwaani kuwa ukungu mweupe na kufuta taa zote zilizopangwa. Picha zikitokea na mistari ya kulala, shata ya kielektroniki inagongana na LED zinazowaka na kuzima kwa kasi. Rudi kwenye shata ya kimakanika.

Na vaa viziba masikio. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 100 inatakiwa isikuzidi dakika 15 kwa siku, na wewe umesimama mbele ya spika onyesho zima.