Ukenda taarabu na wenzako, msiikose bashrafu

Wenzangu wengi tukipanga kutoka usiku, chakula kisha muziki, wanataka tufike ukumbini mwimbaji keshasimama, eti mwanzo, yaani bashrafu, ni ala tupu. Mie mpiga fidla huwa nawabembeleza sana tuwahi, maana pale mwanzo ndo sikio linapotayarishwa, ukipakosa utasikia wimbo nusu.

Jumamosi ilopita sikuwa na zamu ya kupiga, tukatoka kundi zima. Tulianzia Forodhani, hapa Unguja mjini, baada ya Magharibi, tukala urojo, nao ulikuwa urojo wa haki, ukali wa embe mbichi unausikia mpaka kwenye taya, chatne ya nazi juu, bajia na kachori bado hazijalainika, chipsi za muhogo zinavunjika mdomoni. Mmoja akataka pweza, mwengine mishkaki na mkate wa ufuta, juisi ya miwa tukanywa sote. Msishibe sana lakini, taarabu ni ya kukaa kitako masaa. Tukasali Isha, tukapita vichochoroni mpaka ukumbini, viti vya mbele bado vitupu.

Sasa bashrafu yenyewe. Ni kipande cha ala bila ya mwimbaji, asili yake kwa Waturuki na Waarabu, kina sehemu kadhaa na baada ya kila sehemu linarudi lahani lile lile, kwa hiyo hata mgeni akilisikia mara ya pili ashalijua na ya tatu anatikisa kichwa. Kazi yake kubwa ni kukuingiza kwenye makamu, yaani mpango wa noti ambao wimbo umejengwa juu yake. Chukua Rasti au Bayati, humo mna noti ambayo kinanda cha kawaida hakina, imekaa katikati ya funguo mbili, na mtu aliyezoea gitaa akiipata ghafla ndani ya wimbo anaona kama kuna mtu kakosea. Bashrafu inampa dakika kadhaa za kuizoea, kisha mwimbaji akiigusa anaona tamu.

Ndo maana nawaambia kaeni upande wa kanuni, ile ala ya nyuzi inayopigwa imelazwa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, mpigaji kavaa pete kwenye vidole vya shahada na ndani ya pete kachomeka kijiti cha kudonolea. Mtizameni mkono wa kushoto: kule pembeni kuna vipande vidogo vya chuma, anavinyanyua na kuvilaza huku muziki unakwenda, na kila akigusa noti inapanda au kushuka kidogo tu. Mwenzangu mmoja alipokiona hicho hakuangalia tena simu usiku kucha.

Hii kanuni ina historia kwetu. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza kuipiga, na 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ambayo mpaka leo ipo. Kisha Siti binti Saad akaiimba taarabu kwa Kiswahili chetu na 1928 akenda Bombay kurikodi santuri, na kwangu mie huyo ndo aliyeifanya iwe ya kila mtu.

Nyimbo zikianza ni zamu ya maneno. Ubeti, kiitikio, ala zinajibu, na hapo kina mama wanainuka kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, taratibu, noti mkononi, bega linakwenda na ngoma ya dumbaki. Atunzaye anangojea ubeti wake, ule unaosema jambo lake, hainuki hivi hivi, na sisi wapigaji, siku za zamu tukikaa nyuma ya mwimbaji, tunaona kila kitu, nani kainuka kwenye mstari gani, na ukumbi mzima unajua anaambiwa nani. Wenzangu walipofahamu hilo wakaanza kusikiliza mashairi kwa makini mno, mpaka mmoja akainuka kutunza mwenyewe, na sikumuuliza kwa ajili ya nani.

Sasa wananambia safari ijayo wanataka kidumbak, ndugu wa taarabu aliye mdogo na mchangamfu. Huko siwabani na saa, fidla moja, dumbaki mbili ndogo, sanduku la besi, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonga, na mambo yanakuwa moto tangu wimbo wa kwanza. Waje na nguo nyepesi tu, maana hakuna atakayekaa.