Priampu ya valvu kwa volti 12: yasemwayo mtaani na yasemwayo na mita

Siku hizi mtu wa Dar mwenye pasi ya kulehemu na subira kidogo anaagiza kutoka China vipande vya priampu ya valvu, yaani kikuza sauti kidogo cha kutangulia amplifaya, kinachotumia taa za kioo za redio za zamani, anavipachika kwenye bodi jioni moja, na kesho yake ameshaiweka kati ya simu na amplifaya. Shida huanza ikikataa kupiga, au ikipiga vibaya. Ushauri anaopewa ni wa aina mbili: ule wa mafundi wa redio kubwa za zamani za volti 250, na ule wa kuangalia kwa macho. Wa kwanza ulikuwa sahihi kwa redio zile. Wa pili haukuwahi kuwa sahihi.

“Inawaka, kwa hiyo ni nzima”

Kwanza tujue kinachowaka ni nini. Bodi nyingi za valvu za 6J1 zina taa ndogo ya LED chini ya soketi, kwenye tundu la katikati, ya bluu au ya rangi ya chungwa. Ni pambo tu. Chomoa valvu, taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Hita yenyewe, yaani waya unaopasha valvu moto, imejificha ndani ya bomba jembamba la kathodi, sehemu inayotoa elektroni, na unachokiona ni ncha nyekundu iliyofifia juu au chini ya bomba hilo. Mchana wa Dar na madirisha wazi unaweza usiione kabisa mpaka uzibe kwa kiganja. Subiri nusu dakika kisha gusa kioo. Kikiwa baridi, hita haipati umeme au imekatika, hata kama bodi nzima inameremeta.

Hita ya 6J1 inataka volti 6.3 na miliampea 175. Kwenye bodi zinazounga hita mbili mfululizo ili zigawane volti 12, moja ikikatika zote mbili zinapoa. Mwenye bodi anaona LED mbili zinang'aa, anaanza kubadilisha kapasita. Zima umeme, chomoa valvu, weka mita kwenye omu: kwa 6J1 pima pini ya 3 na ya 4, kwa 12AU7, valvu nyingine ya bodi hizi, pima ya 4 na ya 5. Hita baridi husoma omu chache tu. Mita isiposoma kitu, hiyo imekufa.

Lakini usiitupe kabla ya kutazama pini zake. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma, na valvu iliyokaa dukani muda mrefu huota utando mweusi kwenye pini. Paka spiriti, ingiza na kuchomoa kwenye soketi mara kadhaa, ukiwa umezima umeme. Soketi iliyolegea ibanwe kwa ncha ya sindano. Priampu nyingi “mbovu” zinaponea hapo.

“Ule ufedha juu ya kioo ni alama ya kuungua”

Hapana. Ni utando wa metali iitwayo bari, uliowekwa makusudi kiwandani ili umeze hewa iliyobaki ndani. Ukiwa wa fedha au wa kahawia inayong'aa, hauna tatizo. Ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo haiponi.

“Valvu haiwezi kufanya kazi kwa volti 12”

Hapa ndipo mafundi wakongwe wanapocheka, na wana sababu. Karatasi ya kiwanda ya 12AU7 inaonyesha volti 250 kwenye anodi, bati linalopokea elektroni, na mkondo wa miliampea 10.5. Hata hivyo historia inawapinga. Ile hita ya 12AU7 ya volti 12.6 yenyewe inatokana na betri ya gari: seli sita za volti 2.1. Redio za gari za zamani zilipandisha volti kwa kifaa cha kutetema pamoja na transfoma. Miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vikatoa valvu kama 12K5 na 12AE6, ambazo anodi zake zinalishwa na betri moja kwa moja. Ulaya nako ikaja ECC86 kwa kazi hiyo hiyo.

12AU7 haikuundwa kwa hilo, ila inakubali kwa masharti. Mkondo unashuka hadi sehemu ndogo ya miliampea moja, na gridi, waya unaodhibiti mkondo huo, ambayo kwa volti 250 hukaa kwenye volti 8.5 hasi, hapa haina hata volti moja ya kujilinda. Sauti ikiingia kubwa kupita hapo, gridi yenyewe inaanza kunywa mkondo, na kilele cha wimbi kinakatwa. Kichezea CD hutoa hadi volti 2 kwa kipimo cha RMS cha AC, yaani karibu volti 5.7 kutoka kilele hadi kilele. Ndipo unapokutana na malalamiko ya “inakwaruza kwenye sauti kubwa”, na watu wanalaumu valvu. Kitasa cha sauti kihamishie kabla ya valvu, siyo baada yake. Katika marekebisho yote ninayoyajua kwa bodi hizi, hilo ni la bure na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Halafu pima anodi, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye ethi ya bodi. Kwa bodi yenye triodi (valvu ya kathodi, gridi moja na anodi) kama 12AU7 inayolishwa volti 12, anodi ikisoma kati ya 5 na 8 hali ni njema. Ikisoma 12 kamili, hakuna mkondo unaopita: hita baridi, pini haigusi, au kathodi haijafika ethi. Ikisoma 1 au 2, risista ya anodi ni kubwa mno au kapasita ya kuingilia inavuja na kusukuma gridi juu. Tumia mita ya dijitali. Mita ya mshale ya omu 20,000 kwa volti, ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10, inakuwa sawa na risista ya kiloomu 200 uliyoiongeza kwenye sakiti, na itakudanganya.

“Inavuma, basi valvu imekwisha”

Mvumo hautoki kwenye valvu mara nyingi kama watu wanavyodhani. Anza kwa kupunguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukipotea, unaingia kabla ya kitasa: waya wa kuingizia hauna kinga, au simu inachajiwa huku inapiga. Mvumo ukibaki vile vile, tafuta baada ya kitasa au kwenye umeme.

Jaribio linalomaliza ubishi ni betri. Chukua betri ya volti 12, ya sola au hata ya bodaboda, unga priampu inayotumia DC moja kwa moja. Mvumo ukitoweka, adapta ndiyo mkosaji. Adapta nyepesi za swichi zina kapasita ndogo inayovuka kutoka upande wa umeme mkubwa hadi upande wa pili. Ndiyo inayokufanya uhisi vidole vinakuna-kuna unapogusa kasha la chuma, na inapeleka mvumo kwenye ethi ya amplifaya. Wengine watakwambia uunge ethi ya ukutani. Sawa, ila soketi kuwa na matundu matatu si uthibitisho kwamba waya wa ethi upo nyuma yake. Na betri isiwe inachajiwa wakati wa jaribio: hapo inapanda hadi volti 14 na ushee, na hita haitaki kuzidi kiwango chake kwa zaidi ya asilimia 10.

Kwa bodi zinazolishwa AC, kuna hesabu inayosahaulika. Volti 12 za AC zikipita kwenye daraja la dayodi na kapasita zinakuwa karibu volti 15.5, siyo 12. Kapasita iliyoandikwa volti 16 inaishi kwa kubahatisha. Weka ya 25 au 35. Hita iliyoungwa pale moja kwa moja inazidishiwa. Rekebisha kwa IC ya 7812, kidhibiti cha volti 12, yenye kipande cha bati cha kuipoza.

“Weka 12AX7, sauti itaongezeka”

Inaingia kwenye soketi ile ile, pini zile zile, haiunguzi kitu. Kwenye karatasi inakuza mara 100, dhidi ya 20 au chini kidogo ya 12AU7. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mkubwa mno hata kwa volti 250, na kwa volti 12 unazidi. Ukiiunga na amplifaya ya kiloomu 10, sehemu kubwa ya ukuzaji huo inamezwa humo humo. Kama unataka nguvu ya kuendesha waya mrefu, ongeza transista ya FET mwishoni.

“Kapasita ya bei kubwa ndiyo inayoleta besi”

Mpenzi wa singeli anakosa besi, anauziwa kapasita ya mafuta ya volti 400. Besi inaamuliwa na ukubwa wa kapasita pamoja na ukinzani wa kuingilia wa amplifaya. Maikrofaradi 0.1 mbele ya kiloomu 10 zinaanza kukata chini ya hezi 159, yaani ngoma nzima imeondoka. Maikrofaradi 1 zinashusha hadi hezi 16. Ya plastiki ya kawaida inatosha kabisa.

“Valvu ni valvu, ng'oa tu kwenye redio ya babu”

Valvu mpya bado zinatengenezwa, Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo hakuna haja ya kuua redio nzima. Ukiamua kung'oa, soma herufi ya kwanza ya jina la Kiulaya. E ni hita ya volti 6.3, kama ECC82 ambayo ni jina jingine la 12AU7: hita yake ni nusu mbili za volti 6.3, zikiungwa mfululizo ni 12.6. P na U si za volti maalumu bali za mkondo, miliampea 300 na 100, kwa kuwa hita zake ziliungwa mfululizo. D ni za redio za betri kavu, volti 1.4: ukiipa 6.3 inakatika papo hapo.

Redio zenye valvu za U zina jambo lingine. Nyingi hazina transfoma, na upande mmoja wa umeme wa nyumba umeungwa kwenye chasisi. Plagi ikiingia kinyume, chuma chote kina volti 230. Chomoa ukutani, subiri, pima kapasita kubwa mpaka mita isome karibu na sifuri, ndipo uguse.