Je, wajua kwa nini jicho la mgonjwa wa kisukari huchomwa sindano siku chache kabla ya upasuaji?

Mgonjwa wa kisukari anayetoka Tukuyu au Makete kufuata upasuaji wa retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huenda akashangaa kuambiwa kwamba leo atachomwa sindano ndani ya jicho, kisha asubiri siku tatu au nne ndipo apasuliwe. Ni rahisi kuidhania kuwa ni ganzi. Sivyo, kwani ganzi ya sindano hiyo ni matone tu. Kilichomo ndani yake ni dawa ya kunyausha mishipa ya damu.

Sukari inapozidi kwa miaka mingi, mishipa midogo ya retina huziba, na retina iliyokosa oksijeni hutoa protini inayochochea kuota kwa mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu: huvuja na kupasuka, ikamwaga damu katika ute mzito uliojaza jicho. Pamoja nayo huota tando za kovu, ambazo huivuta retina hadi ikabanduka. Hapo ndipo inapohitajika vitrektomi, upasuaji ulioasisiwa na Robert Machemer mjini Miami mwaka 1970, ambao huondoa ute wenye damu na kuzibandua tando hizo.

Ugumu ni kwamba tando na mishipa vimeshikamana. Aliyewahi kung'oa magugu ndani ya mfereji wa shamba la bondeni ataelewa: kila mzizi unaovutwa huchafua maji, na anayeng'oa haoni tena anachokishika. Daktari naye, damu ikitoka, haoni retina anayojaribu kuiokoa.

Dawa inayotumika sana ni bevasizumabu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana. Kwa jicho hutumika miligramu 1.25 tu, katika mililita 0.05, yaani kama tone moja. Huinasa ile protini, na kwa muda wa siku chache mishipa mipya husinyaa, hivyo damu hupungua wakati wa upasuaji, kazi huisha mapema zaidi, na jicho halielekei sana kuvuja damu tena katika wiki za mwanzo.

Lakini mishipa inaposinyaa, kovu nalo hukaza, na likikaza huweza kuivuta retina kwa nguvu kuliko awali. Ndiyo maana sindano haichomwi wiki nyingi kabla. Kwa maoni yangu, jambo hili halisisitizwi inavyostahili kwa wagonjwa wanaotoka mbali: shinikizo la damu, kiwango cha sukari, nauli na mahali pa kulala vishughulikiwe kabla ya sindano, wala si baada yake, kwa sababu upasuaji ukiahirishwa kwa wiki mbili jicho laweza kuwa katika hali mbaya kuliko lilivyokuwa. Mvua ikifunga barabara ya Makete, mgonjwa aliyekwisha kuchomwa ampigie daktari siku hiyo hiyo. Na akiona jicho linauma, linakuwa jekundu au uoni unafifia ghafla, aende hospitali bila kungoja tarehe aliyopangiwa.